Sarafu za Tabora za mwaka 1916: zikiuzwa upya, faida ni ya nani?

Kila siku tunasema "sina hela" bila kukumbuka kwamba hela ilikuwa sarafu ya kweli, iliyoshikwa mkononi na kununulia chumvi sokoni. Jina hilo limetoka kwa heller, sarafu ndogo ya wakati wa utawala wa Wajerumani. Katika historia ya sarafu hizo Tabora ina nafasi yake ya pekee. Mwaka 1916, kwa miezi michache tu, sarafu zilitengenezwa hapa hapa Tabora, zikapigwa herufi T ya jina la mji.

Leo sarafu hizo zinatafutwa na wakusanyaji wa nchi mbalimbali. Baadhi zinauzwa kwa bei ndogo tu, na moja ya dhahabu inauzwa kwa maelfu ya dola za Marekani. Ndiyo maana swali la bei linawahusu watu wa Gongoni na vitongoji vya Tabora, na wote wanaoishi kwenye njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mtu anayechimba msingi wa nyumba, anayelima shamba la zamani au anayerithi sanduku la bibi anaweza kukuta sarafu asiyoijua. Muda si muda anatokea mnunuzi.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Je, ni haki mtu kununua sarafu kwa shilingi elfu chache kwa mzee asiyejua thamani yake, kisha kuiuza mara mia? Wakusanyaji wenyewe hawakubaliani. Katika makala haya tunaeleza sarafu hizi ni zipi, bei yake inatoka wapi, kila upande wa ubishi unasema nini, na wewe msikilizaji ufanye nini kabla ya kuuza.

Kwa nini sarafu zilitengenezwa Tabora?

Kabla ya vita, sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilitengenezwa Ujerumani na kuletwa kwa meli. Ukizitazama utaona herufi ndogo: A ni ya Berlin, J ni ya Hamburg. Tangu mwaka 1904 rupia moja ilikuwa na heller 100. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa na pesa 64, na neno hilo pia tumebaki nalo hadi leo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, meli za kivita za Waingereza zilifunga njia ya bahari. Sarafu mpya hazikuja tena. Serikali ya koloni ilichapisha noti za muda, lakini watu wengi hawakuziamini. Fedha ya chuma mtu aliijua, lakini karatasi iliyochapishwa katikati ya vita nani angeipokea kesho? Wapagazi, askari na wauza chakula walitaka kulipwa kwa sarafu.

Tabora ilikuwa mahali pa kufaa. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika hapa mwaka 1912 na kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Kulikuwa na mafundi na mashine za reli. Wakati wa vita mji ulikuwa umegeuka kuwa makao ya serikali ya koloni. Kwa hiyo mwaka 1916 zikaanza kutengenezwa sarafu za aina tatu.

Ya kwanza ni heller 20, ya shaba nyekundu au shaba ya njano. Upande mmoja ina taji, mwaka 1916 na herufi T. Zilitengenezwa nyingi sana, zaidi ya milioni moja na nusu.

Ya pili ni heller 5 ya shaba ya njano, yenye T vilevile. Hizi zilikuwa chache zaidi, kama laki tatu.

Ya tatu ndiyo maarufu: rupia 15 ya dhahabu. Upande mmoja ina tai wa Kijerumani, na upande wa pili ina tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Singida. Sarafu moja ina uzito wa gramu 7.168 na upana wa milimita 22. Dhahabu halisi ndani yake ni robo tatu, yaani karati 18. Zilitengenezwa 16,198 tu.

Rupia 15 zilikuwa fedha nyingi. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ilikuwa rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini. Sarafu moja ya tembo ingelipa kodi hiyo kwa miaka mitano. Kwa hiyo usishangae kwamba ni wachache sana waliowahi kuishika.

Kazi hiyo haikudumu. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora, na sarafu za T zikaishia hapo. Baada ya vita Waingereza walileta fedha nyingine, na kufikia mwaka 1921 shilingi ndiyo iliyokuwa fedha ya Afrika Mashariki.

Bei ya sarafu ya kale inatoka wapi?

Watu wengi hudhani kitu kikiwa cha zamani ni lazima kiwe ghali. Sivyo. Heller 1 ya mwaka 1910, kwa mfano, ina zaidi ya miaka mia moja, lakini ilitengenezwa kwa mamilioni mengi. Mkusanyaji anaipata bila shida, kwa hiyo hailipii sana. Vivyo hivyo heller 20 ya Tabora. Ina historia nzuri, lakini ziko nyingi duniani, na bei yake kwa kawaida ni ndogo.

Mambo manne ndiyo yanayopandisha bei.

La kwanza ni uchache. Si uchache wa siku ile zilipotengenezwa peke yake, bali wa zile zilizobaki. Dhahabu huyeyushwa ikawa pete na hereni, na shaba huozea ardhini.

La pili ni hali ya sarafu. Iliyosagika hata maandishi hayasomeki haina bei sawa na ambayo kila mstari unaonekana. Mbili za aina moja zinaweza kupishana bei mara kumi.

La tatu ni wingi wa wanaoitaka. Sarafu ya tembo inatafutwa na wakusanyaji wa fedha za Ujerumani, wa fedha za Afrika, wa vitu vya vita, na hata wanaopenda tu picha ya tembo. Wote hao wanagombea sarafu zisizofika elfu kumi na saba.

La nne ni tofauti ndogo ndogo. Sarafu ya tembo ina aina mbili, zinazotofautishwa na mahali urembo wa pembeni unapoishia chini ya neno OSTAFRIKA. Aina moja zilitengenezwa 9,803 na nyingine 6,395. Mtu wa kawaida haoni tofauti hiyo. Mnunuzi mwenye kioo cha kukuzia anaiona mara moja.

Kumbuka pia kwamba bei haifuati thamani iliyoandikwa kwenye sarafu. Heller 5 ya Tabora hutafutwa zaidi kuliko heller 20, ingawa siku zile ilikuwa robo yake tu. Sababu ni kwamba zilikuwa chache.

Ubishi wa wakusanyaji

Ubishi huu haupo kwenye sarafu peke yake. Huko Marekani na Ulaya watu wazima hukusanya magari madogo ya kuchezea. Kampuni ya Mattel, inayotengeneza magari ya Hot Wheels tangu mwaka 1968, ilianza mwaka 1995 kutoa magari ya toleo maalum, machache, na kuyachanganya na ya kawaida madukani. Matokeo yake ni kwamba wako wanaowahi dukani asubuhi, wakayachambua yote, wakachukua yale machache na kuyauza siku hiyo hiyo kwa bei ya juu. Mtoto aliyekuja na fedha zake anakuta yamebaki ya kawaida. Wakusanyaji wanagombana: huyu ni mfanyabiashara au ni mlanguzi?

Sisi neno ulanguzi tunalijua vizuri. Wenye umri wanakumbuka miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika na waliozificha ili wauze kwa bei kubwa wakasakwa nchi nzima. Lakini sarafu ya kale si sukari wala sabuni. Hakuna anayelala njaa kwa kukosa heller. Basi ubaya wake uko wapi, kama upo?

Upande wa kwanza husema hakuna ubaya. Biashara haigombi. Muuzaji ametaja bei, mnunuzi amelipa, mambo yameisha. Mnunuzi ametumia nauli na muda. Amejifunza miaka mingi. Pengine amewahi kununua bandia na kula hasara, na hakuna aliyemrudishia. Faida yake ni malipo ya ujuzi na hatari hiyo. Tena, wasema hao, kama asingekuwapo mchuuzi wa kuzitafuta, sarafu nyingi zingeishia kwa sonara na kuyeyushwa. Faida ndiyo iliyoziokoa.

Upande wa pili husema bei ya haki inahitaji watu wawili wanaojua wanachouziana. Mzee akiuza sarafu ya dhahabu kwa bei ya shaba, hakukubali bei hiyo kwa kweli. Alikubali kwa kuwa alinyimwa habari. Anayejua akanyamaza hajamlinda mwenzake. Mbaya zaidi ni yule anayejua na bado anasema, "Hii mzee haina kitu, nakusaidia tu." Hapo kunyamaza kumekuwa uongo.

Wako na wa upande wa tatu, ambao hawajali sana nani kapata shilingi ngapi. Wao huuliza sarafu zenyewe zinakwenda wapi. Sarafu iliyotengenezwa Tabora ikiuzwa nje, mtoto wa shule ya Tabora ataiona wapi? Atabaki kuitazama kwenye picha ya simu.

Kila upande una hoja. Lakini ukiwasikiliza vizuri, utaona kwamba mahali wanapogongana ni pamoja: nani anajua na nani hajui. Mwenye sarafu akishajua alicho nacho, sehemu kubwa ya ugomvi inaisha. Mchuuzi atapata faida yake ya kawaida, kama muuza mahindi anayenunua kijijini na kuuza mjini. Asipojua, sheria yoyote na maneno yoyote mazuri hayatamsaidia.

Je, sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa baadaye. Sheria hiyo inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na vitu vingine vilivyotajwa, kama milango ya nakshi ya kabla ya mwaka 1940. Sarafu za mwaka 1916 ni za baada ya mwaka huo wa 1863. Lakini hiyo haina maana kwamba kila jambo linaruhusiwa. Kufukua eneo la kihistoria bila kibali ni kosa. Na vitu vya kale zaidi vinavyopatikana kwenye njia ya misafara, kama vyungu na vyuma vya enzi hizo, vinaweza kuwa chini ya ulinzi huo.

Kwa hiyo ukikuta kitu ardhini, hasa karibu na magofu, makaburi au ngome ya zamani, usiendelee kuchimba. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, au kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Na kabla ya kitu cha kale kuvuka mpaka, ulizia kibali.

Jihadhari na hadithi za rupia

Kuna jambo linalowaumiza watu vijijini kuliko wachuuzi wa sarafu. Ni hadithi kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu za ajabu, au kwamba yuko tajiri wa ng'ambo anayeinunua kwa mamilioni mengi ikishindikana kuvutwa na hiki au ikivuta kile. Hadithi hiyo huja na masharti: lipa kwanza fedha ya kupima, lipa ya mganga, lipa ya kibali. Mwisho tajiri haonekani, na fedha imekwenda.

Ukweli ni mfupi. Rupia ni kipande cha fedha chenye picha ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Haina nguvu yoyote. Mkusanyaji wa kweli hulipa kwa kutazama mwaka, herufi na hali ya sarafu, na hamtozi mwenye sarafu hata senti moja. Ukiombwa fedha ili uuze mali yako mwenyewe, huo ni utapeli.

Kundi jingine la kujihadhari nalo ni bandia. Sarafu ya tembo imeigwa mara nyingi, kwa shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu na hata kwa dhahabu yenyewe. Anayekuuzia moja kwa bei rahisi barabarani, karibu hakika anakuuzia bandia.

Ukiwa na sarafu ya zamani, fanya hivi

Usiisafishe. Hilo ndilo kosa linalopoteza fedha nyingi kuliko yote. Ukiisugua kwa mchanga, majivu, ndimu au dawa ya kung'arisha shaba, itang'aa, lakini mkusanyaji ataona mikwaruzo na kushusha bei. Kama ina udongo, iache kwenye maji safi, kisha ikaushe kwa kitambaa laini bila kusugua.

Ipige picha pande zote mbili kwa simu, mchana, kwenye mwanga usio mkali, ukiweka rula pembeni. Soma mwaka. Tafuta herufi A, J au T. Linganisha na picha za sarafu za aina hiyo zilizouzwa kwenye minada. Tazama bei iliyolipwa kweli, si bei anayoitaka muuzaji. Mtu yeyote anaweza kuandika kwamba anauza kwa milioni mia.

Kama ni ya rangi ya dhahabu, ipime kwa sonara unayemwamini, wewe ukiwa umesimama hapo hapo. Sarafu ya tembo ni gramu 7 na kidogo. Ikipungua au kuzidi sana, si yenyewe. Usikubali kuiuza kwa uzito wa dhahabu tu, kwa sababu ndani yake dhahabu halisi ni kama gramu 5.4, na wakusanyaji hulipa mara kadhaa ya hapo.

Tafuta bei kwa watu zaidi ya mmoja, na usiseme kwa wa pili alichotaja wa kwanza. Usitume sarafu kwa mtu usiyemjua, wala usimpe namba ya siri ya simu yako kwa madai kwamba anakuwekea malipo.

Kama mchuuzi unamwamini lakini hamkubaliani bei, kuna njia ambayo wafanyabiashara wetu wanaijua tangu zamani: mali kauli. Sarafu inabaki yako, yeye anatafuta mnunuzi, na ikiuzwa mnagawana kwa kiasi mlichokubaliana. Andikeni, piga picha sarafu na karatasi, na wawepo mashahidi wawili au mtendaji. Mchuuzi anayekataa kuandikishana ameshakujibu swali lako.

Na za leo, tuweke?

Wako wanaoweka akiba ya sarafu za sasa wakitumaini zitapanda. Sarafu ya shilingi 500 iliyoanza kutumika mwaka 2014 ni mfano. Ikiwa kila mtu anazo na maelfu wanaziweka, hazitakuwa chache. Kwa nyingi kati yake, thamani itabaki iliyoandikwa, na bei za vitu madukani zitaipita.

Hali ni tofauti kidogo kwa sarafu za ukumbusho. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu maalum za kuhifadhi wanyama, zikiwamo ya shilingi 50 yenye kifaru na ya dhahabu ya shilingi 1500 yenye duma. Hizo zilitengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya wakusanyaji. Hata hizo, kwa kiasi kikubwa bei yake hufuata bei ya madini yaliyomo.

Sarafu ya tembo haikutengenezwa ili iwe adimu. Ilitengenezwa kwa haraka, katikati ya vita, kulipia mambo ya siku ile. Uchache wake umetokana na yaliyotokea. Ndiyo maana anayekuahidi kwamba kitu fulani "kitakuwa adimu" hana anachokijua.

Basi kama iko heller au rupia kwenye kopo la vifungo nyumbani, itoe leo uitazame. Waulize wazee ilifikaje hapo, na uandike jibu lao. Huenda bei yake ikawa ndogo, na ukaamua ibaki kwa wajukuu. Huenda ikawa kubwa, na ukaamua kuiuza ulipe ada ya shule. Uamuzi wowote ni halali yako, mradi ni wewe uliyeufanya ukijua ulicho nacho, kabla mnunuzi hajabisha hodi.